Kimbunga kikitangazwa: jinsi ya kuisoma taarifa na cha kufanya kabla maji hayajafika mlangoni

Ijumaa ile ya tarehe 3 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kinaongelewa kila kona, simu yangu haipoi, kila grupu la WhatsApp swali ni moja tu, "jamani kinapiga wapi?" Nikampigia mjomba wangu Kilwa, mzee kavua miaka na miaka, nikamwambia shikamoo mjomba, mmejiandaaje huko, akaitika marahaba alafu badala ya kunijibu akaniuliza yeye, "leo mwezi ngapi?" Nikacheki kalenda ya Kiislamu, mfunguo mosi, tarehe 24. Akasema basi afadhali, maji mafu haya, ingekuwa bamvua tungelia. (Maji mafu ni zile siku bahari haijai sana, bamvua ni zile inapojaa kupita kawaida.)

Nilicheka. Ila ukikaa ukafikiri, mzee aliuliza kitu ambacho grupu zima hakuna aliyekiuliza. Sisi tunataka kujua kimbunga kitatua wapi kama vile ni ndege, wakati mtu wa pwani anatakiwa ajue vitu vitatu: mi niko upande gani wa hicho kimbunga, bahari itakuwa imejaa au imekupwa kikifika, na nimebakiwa na masaa mangapi ya kushughulika. Nitaelekeza hivyo vitatu na kazi zake, ila kwanza tuelewe hilo dude linatoka wapi, maana usipoelewa hutajua kwa nini nakwambia fanya hivi.

Linavyotengenezwa

Ushawahi kufunua sufuria ya wali ikiwa motoni, mvuke ukakupiga mkono? Unaunguza ule, aisee. Maji yakigeuka mvuke yanabeba joto, na mvuke ukigusa ngozi ukarudi kuwa maji lile joto lote linamwagwa pale pale. Kimbunga kinaendeshwa na kitu hicho hicho. Maji ya bahari yakifika kama nyuzi joto 26.5 hivi, na joto hilo limeshuka mpaka kama mita 50 chini, mvuke mwingi unapanda, huko juu unapoa unakuwa mawingu, joto linaachiwa, hewa inazidi kuwa nyepesi inazidi kupanda, huku chini panabaki mgandamizo mdogo wa hewa, hewa ya pembeni inakimbilia kuziba pengo nayo inakuja na mvuke wake, basi mchezo unaanza upya na kila raundi unakuwa mkubwa. Na kwa kuwa dunia inazunguka, hewa ile haifiki moja kwa moja, inapindwa, na huku kusini mwa ikweta inazunguka kufuata mshale wa saa. Kaskazini mwa ikweta ni kinyume, kwa hiyo zile video za Florida mnazotumiana zisiwachanganye.

Hizo mita 50 zina maana yake. Upepo mkali unaikoroga bahari kama mwiko kwenye uji, sasa kama joto ni la juu juu tu, maji baridi ya chini yanapanda na kimbunga kinajizimia moto chenyewe. Kingine kinachokimaliza ni upepo wa juu angani ukienda kivyake na wa chini kivyake, unakikata kichwa. Na nchi kavu, maana huko hamna mvuke wa kukilisha. Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimeshapungua, kilivyogusa ardhi kikaisha nguvu.

Kuna watu watakwambia huku kwetu vimbunga haviji. Ni kweli ni nadra, karibu na ikweta ile nguvu ya kuipinda hewa ni ndogo mno, chini ya latitudo 5 karibu havitengenezwi kabisa, Mombasa iko 4, Tanga iko hapo hapo kwenye 5, Dar karibu 7, Mtwara 10 na ushee, yaani kadiri unavyoteremka kusini ndo unavyosogelea njia yao. Madagaska nayo imekaa mbele kama ukuta, inapokea yeye vingi. Lakini Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha majahazi bandarini, kikang'oa mikarafuu, mashamba yakaisha, Pemba ikaponea, na tangu hapo karafuu ndo ikawa habari ya Pemba. Lindi ilipigwa 1952. Kenneth tarehe 25 Aprili 2019 kilipita Komoro kikatua Cabo Delgado, hapo ng'ambo ya Ruvuma tu. Alafu Jobo, Aprili 2021, kilikuwa kinaelekezewa Dar kikafa njiani, na nadhani hicho ndo kilituharibu, watu wakaanza kusema wanatutisha bure. Hawakutisha mtu. Kufa kwa kimbunga njiani ni bahati yako, huwezi kuipanga.

Kuisoma taarifa

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wana ngazi tatu, angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, na kwenye taarifa yao utaona sehemu mbili ambazo watu wanaziruka, "uwezekano wa kutokea" na "kiwango cha athari". Hizo ndo za kusoma kwanza. Uwezekano mdogo wa athari kubwa sio sawa na uwezekano mkubwa wa athari ndogo, hata kama zote zimeandikwa angalizo. Ile sentensi ya "upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2" tumeizoea, inatoka mara nyingi kwa mwaka mpaka hatuioni tena, ila siku ukiona namba zimebadilika hapo, simama. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka mara nne, kwa hiyo 80 sio "mara mbili ya ile ya juzi".

Kwa ukanda wetu wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi madaraja yanakwenda hivi: upepo wa wastani wa kilomita 63 kwa saa mpaka 88 ni dhoruba ya kawaida na hapo ndo linapewa jina, 89 mpaka 117 ni dhoruba kali, 118 ndo tunaita kimbunga kamili, 166 kimbunga kikali, ikipita 212 ni kikali sana. Hiyo ni wastani wa dakika kumi, mapigo ya ghafla yanazidi hapo. Wanaofuatilia ukanda mzima ni kituo cha Ufaransa kilichopo La Réunion, majina wanatoa Morisi na Madagaska kutegemea dude limezaliwa upande gani.

Kosa ambalo nimeliona mara nyingi ni kuchanganya spidi ya upepo na mwendo wa kimbunga. Mtu anasikia "kilomita 120 kwa saa" anapiga hesabu kiko kilomita 360, kinafika baada ya masaa matatu, anaanza kukimbizana na watoto. Hapana. 120 ni upepo unaozunguka ndani yake, dude zima linatembea taratibu, mara nyingi kilomita 10 mpaka 25 kwa saa, baiskeli tu. Hesabu yake ni hii: tafuta kiko umbali gani na kinatembea kwa mwendo gani, gawa. Kilomita 400 kwa mwendo wa 15 ni masaa 26 na ushee kitovu kufika. Alafu punguza, maana upepo mkali unatangulia kitovu, kama umesambaa kilomita 150 kutoka katikati basi unakufikia masaa 10 kabla. Umebaki na masaa 16, na humo kuna usiku. Kwa hiyo ukweli ni kwamba una mchana mmoja wa kufanya kazi, basi.

Ile picha ya mstari na duara linalopanuka kwenda mbele, achana na mstari. Watu wanapima kwa rula kama mstari umepita juu ya nyumba yao. Duara linaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi, na hatari inasambaa nje ya hapo.

Upande gani

Hapa ndo penye utamu. Chukua kimbunga kinatoka baharini kinakuja magharibi kwetu, kinazunguka kama saa. Aliye kusini mwa kitovu upepo unamjia kutoka baharini, unamsukumia maji, na ule mwendo wa kimbunga unajumlishwa juu yake. Aliye kaskazini, upepo unatoka bara kwenda baharini. Kwa hiyo kitovu kikipita Kilwa, mtu wa Lindi achunge bahari kuliko mtu wa Mafia, japo mvua wote mtaipata.

Na kuna ujanja wa mabaharia hauhitaji bando. Simama nje, upepo uupe mgongo, nyoosha mkono wa kulia. Kitovu kiko huko, mbele kidogo ya mkono wako. Rudia baada ya masaa mawili. Kama upepo umehama pembe basi kinapita pembeni, kama upepo unatoka pale pale ila unazidi nguvu, aisee, kinakuja kwako. (Huu ni wa kusini mwa ikweta, ndugu yako aliye Texas yeye anatumia mkono wa kushoto.)

Kwa walio kaskazini mwa kitovu kuna mtego. Upepo wa bara unaweza kuyasukuma maji mpaka bahari ikapwa kuliko kawaida, Tampa kule Florida mwaka 2022 wakati wa kimbunga Ian ghuba ilibaki tope tupu, watu wakashuka kutembea. Sisi tukiona hivyo tutabeba ndoo na vijiti twende pweza, najua kabisa. Maji hayo yanarudi, na hayarudi taratibu kama maji kujaa ya kila siku.

Maji

Nirudi kwa mjomba na mwezi wake. Kimbunga kinapandisha usawa wa bahari kwa njia mbili, moja hewa ikiwa nyepesi bahari inavimba, kila milibari moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa) ikishuka maji yanapanda kama sentimita moja, kwa hiyo mgandamizo ukishuka kutoka 1010 mpaka 950 ni sentimita 60 bila hata upepo. Ya pili ndo kubwa, upepo unayasukuma maji ufukweni yanajikusanya. Haya sio wimbi moja la kuja na kuondoka, ni bahari yenyewe imepanda, alafu mawimbi yanakuja juu yake.

Sasa Dar wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa inapita mita 3, wakati wa maji mafu ni kama mita moja tu. Fanya hesabu: kimbunga kikipandisha maji mita moja wakati bahari imekupwa, huenda usione kitu. Mita hiyo hiyo ikija saa ya maji kujaa ya bamvua, iko sebuleni. Hidaya kilikuja mwezi 24, 25, siku nne kabla ya mwezi mwandamo, maji yalikuwa hayana nguvu. Kwa hiyo weka karatasi ya majira ya maji karibu na redio, au jifunze kuhesabu kwa mwezi kama wazee, mwezi mchanga na mwezi mpevu ndo bamvua, inakolea zaidi siku moja mbili baadaye. Ukisikia "kinatarajiwa kufika usiku wa Jumamosi", angalia maji yanajaa saa ngapi usiku huo. Kama saa zinagongana na uko karibu na hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) au mdomo wa mto, hama mchana wake.

Sakafu ya bahari nayo ina neno. Pwani yetu sehemu nyingi ukivuka mwamba kilindi kiko hapo hapo, maji hayapati pa kujilundika sana, unachopata ni mawimbi makubwa. Ila pale penye maji mafupi, kama mlango wa Mafia na delta ya Rufiji, yanajilundika. Beira Machi 2019 ndo ilikuwa hivyo, Idai kilisukuma bahari mjini, alafu baada ya siku chache mito ya Pungwe na Buzi ikashuka kutoka bara na mafuriko yake, Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 600. Na Freddy 2023 waliokufa wengi walikuwa Malawi, Blantyre, nchi ambayo haina hata bahari, mvua ilishusha mlima ukaja na mawe na udongo juu ya nyumba. Upepo ndo unaopigwa picha, maji ndo yanayoua.

Mawimbi yanatangulia, hata siku moja mbili kabla, jua linawaka, hamna upepo, ila unasikia mwamba unanguruma na wimbi linakuja refu, limepoa, moja baada ya jingine kwa nafasi. Siku hiyo usioge baharini. Ukichukuliwa na mkondo unaorudi usishindane nao, ogelea pembeni sambamba na ufukwe mpaka ukuachie.

Kazi za mchana mmoja

Anza na chombo, maana chombo ndo kinachomrudisha mtu majini wakati mbaya, mvuvi anakufa akifuata mashua yake. Ngalawa na mitumbwi ipandishwe juu ya diko (pale vyombo vinapoegeshwa ufukweni) kuvuka ule mstari wa mwani na takataka uliowekwa na bamvua, tena upite hapo hatua nyingi, muipindue au muijaze maji na mchanga iwe nzito, injini itoke ikalale ndani. Mashua kubwa isiyopandishika ipelekwe ndani ya hori penye mikoko mapema, kabla wenzio hawajajaza, ifungwe kwenye mikoko kwa kamba nne pande tofauti. Kamba ziwe na urefu wa kutosha maji yakipanda, mjomba aliwahi kuona mashua imefungwa fupi kwenye nguzo ya gati, maji yalivyopanda omo (mbele) ikabaki chini tezi (nyuma) ikapanda, ikazama ikiwa bandarini kwake. Nanga ikiwa majini kamba iwe mara saba mpaka kumi ya kina, na kina pigia cha maji yaliyojaa.

Nyumba. Bati huanza kung'oka pembeni na kwenye kona, upepo ukishapata kidole kimoja cha kuingilia unafunua kama mkebe. Ongeza misumari ya bati yenye kofia kwenye kingo, na kenchi zifungwe na waya mnene kwenye lenta au nguzo, sio kuegeshwa tu juu ya ukuta kama mafundi wengi wanavyotufanyia. Usiweke mawe na matairi juu ya paa, yatakuja kukuponda. Madirisha yafungwe, hamna haja ya kuacha moja wazi "ili hewa ipite", hiyo ni hadithi, ukiuachia upepo uingie unasukuma paa kwa ndani. Dondosha nazi kavu na makuti yanayoning'inia. Mayotte Desemba 2024, Chido kilipopita, mitaa ya mabati milimani ilifutika karibu yote, na bati linaloruka linakata kama panga. Kama nyumba yako ni ya namna hiyo usijidanganye na misumari, nenda shule au msikiti wa zege ulio juu.

Kingine: madumu ya maji yajazwe, simu na pawa benki zichajiwe, pesa taslimu kidogo maana mtandao ukikata hakuna wakala, dawa za mzee wa nyumba, vyeti kwenye mfuko wa nailoni. Umeme zima kwenye swichi kubwa kabla maji hayajaingia. Namba 112 na 114 ziwe kichwani.

Kikiwa juu yenu kaeni chumba cha ndani, mbali na vioo. Na ghafla kukitulia, upepo kimya, hata nyota zinaonekana, msitoke kuokota mabati. Hilo ni jicho, linapita kwa dakika chache au hata zaidi ya nusu saa, alafu upepo unarudi kutoka upande wa pili, na ile miti na kuta zilizolegezwa upande mmoja ndo zinaanguka sasa.

Baada ya hapo usikanyage maji yenye waya ndani, usivuke maji yanayokwenda kasi hata kama ni ya magotini, yanamwangusha mtu mzima. Kisima kilichoingiwa na mafuriko ni choo kwa sasa, chemsha au tia klorini, kipindupindu kinafuata mafuriko kama kivuli.

Na barabara. Baada ya Hidaya barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakalala foleni, mizigo haipiti, kwa hiyo chakula nunua cha wiki, cha siku mbili hakitoshi. Jumapili yake nilimpata mjomba hewani, mashua ipo, paa lipo, mnazi mmoja umelala kwenye banda la kuku ila kuku wamepona. Nikamwambia alhamdulillah mjomba, unahitaji nini? Akasema sukari tu, kila kitu alikumbuka isipokuwa sukari, na dukani kilo ilishapanda bei tangu asubuhi.